Kupanga safari ya kikundi cha kanisa kuona chimbuko la Ukristo Uingereza, kutoka Canterbury mpaka Blantyre

Wapendwa habari zenu. Kila mwaka kuanzia mwezi wa kwanza hivi simu yangu inajaa meseji za aina moja, dada kanisa letu linataka kuja huku kuona sehemu za kihistoria za Ukristo tuanzie wapi, na kwa vile naishi huku na nimeshapokea vikundi kutoka Dar, Morogoro, Mombasa na hata wenzetu wanaokaa Ujerumani, nimeona niandike yote mahali pamoja mtu akiuliza nimtumie hii.

Kabla ya hatua yoyote kuna kitu naomba mkishike. Msije kama watu wanaokuja kushangaa majengo ya wazungu na kupiga picha tu. Njooni kama watu wanaotafuta ndugu zao, kwa sababu ndugu zenu wamo kwenye haya mawe, wengine wana zaidi ya miaka elfu moja humo, na mwongozaji wa kawaida anaweza akawapitisha hapohapo bila kuwataja. Ntawaonyesha walipo.

Hatua ya kwanza: chora njia moja, fupi

Vikundi vingi vinanitumia listi ya sehemu ishirini na tano kwa siku saba. Haiwezekani, mtashinda kwenye basi mnaangalia dirishani. Chukueni siku kumi na njia moja inayopanda kutoka kusini kwenda kaskazini: London na Canterbury, Oxford, Olney na Bedford, Epworth, York, Durham, kisiwa cha Lindisfarne, Edinburgh, mmalizie Blantyre karibu na Glasgow. Ukiipanga hivo mkishatoka London na Canterbury hamrudi nyuma, na tiketi ya ndege mnakata ya kuingilia London na kutokea Glasgow au Edinburgh, huko nako kuna ndege za kupitia nchi za Ghuba kwahiyo hakuna haja ya kurudi London kilomita mia sita na kitu kwa ajili ya kupanda ndege tu.

Kisiwa cha Iona huko Uskoti najua mtakiuliza, pale alipofika mtawa mmisionari Columba kutoka Ireland mwaka 563. Ni pazuri mno, ila kufika ni kivuko kutoka Oban mpaka kisiwa cha Mull, alafu mnakivuka Mull chote kwa basi, alafu kivuko kingine. Kwa kikundi chenye wazee mi siwashauri safari ya kwanza. Na kama kikundi chenu ni watu wa uamsho, wale wa Tukutendereza, angalieni kama mnaweza kuja mwezi wa saba ili mpite mji wa Keswick kule kwenye eneo la maziwa (Lake District), kuna mkutano mkubwa wa kiroho ambao umekuwepo tangu 1875, na mafundisho yake yaliwagusa sana wamisionari waliokuwa Gahini Rwanda kule uamsho wetu ulikowakia. Hapo mtatoa York na Epworth, sio kuongeza siku.

Hatua ya pili: tarehe na idadi

Mwezi wa tano, wa sita au wa tisa. Mwezi wa nane hapana, shule zimefungwa, na Edinburgh ina matamasha yake mwezi huo hoteli zinapanda bei vibaya sana. Desemba ndo kabisa msithubutu, kule kaskazini jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni, mtaona nusu ya mlichokilipia. Mwezi wa sita kinyume chake, Edinburgh mpaka karibu saa nne usiku bado kuna mwanga na wazee wanashindwa kulala, wabebe kitambaa cha kufunika macho.

Idadi ishirini mpaka ishirini na tano inatosha. Zaidi ya hapo kuhesabu watu kila mkishuka kunakula siku nzima, na makanisa madogo mtakayoyapenda kuliko makubwa hayawabebi wote kwa raha.

Hatua ya tatu: viza, na hapa ndo safari nyingi zinafia

Hakuna viza ya kikundi. Kila mtu anajaza fomu yake onlaini, analipa ada yake, anaenda kutoa alama za vidole mwenyewe. Viza ni ile ya mgeni wa kawaida, ya mpaka miezi sita, na unaruhusiwa kuomba ndani ya miezi mitatu kabla ya kusafiri. Majibu kwa kawaida ni kama wiki tatu ila msipange kwa kubana, ombeni mapema mara tu dirisha la miezi mitatu likifunguka. Ada angalieni kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza siku hiyohiyo mnayolipa maana inapanda, na ukinyimwa hairudi.

Wanachoangalia ni vitu viwili, hela ya safari imetoka wapi, na una nini cha kukurudisha nyumbani. Stetimenti ya benki ya miezi sita iwe na mwendo wa kweli. Nimeona mama mtu mzima kabisa ana duka na nyumba amenyimwa kwa sababu watoto walimwingizia milioni kadhaa wiki moja kabla ya kuomba, ikaonekana hela ya kuazima. Kama watoto ndo wanamlipia basi waandike barua waseme ndio sisi tunamlipia mama, na waambatanishe stetimenti zao, hakuna ubaya wowote. Mstaafu aweke karatasi za pensheni, mkulima aweke hati ya shamba, mfanyabiashara leseni na TIN. Karatasi yoyote ya Kiswahili itafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayeweka jina lake, sahihi na mawasiliano. Kanisa liandike barua moja yenye majina ya wote, ratiba ya siku kwa siku na jina la kiongozi, kila mtu aambatanishe nakala.

Na bima ya safari jamani, mgeni akilazwa huku analipishwa na bili ya hospitali sio ya mchezo.

Hatua ya nne: hela, basi, na masaa ya dereva

Mtu akiwauzia safari nzima, mwambieni awaandikie jina la kila hoteli na mji wake kabla hamjalipa hata advansi. Kuna kikundi nilikipokea waliambiwa "hoteli London" wakajikuta wanalala mwendo wa saa moja na nusu nje ya mji, kila siku masaa matatu yanaishia barabarani, na walikuwa wameshalipa zote. Lipeni kwa awamu, awamu ya mwisho baada ya viza kutoka.

Basi la kukodi na dereva wake ni bora kuliko treni mkiwa wengi. Mkiwa wachache kati ya watatu na tisa treni ina punguzo la kikundi la theluthi moja nje ya masaa ya msongamano, hilo ulizieni. Ila kwenye basi lazima kiongozi ajue sheria: dereva akiendesha masaa manne na nusu anapumzika dakika 45 kwa lazima, na kwa siku kawaida haruhusiwi kuzidisha masaa tisa ya kuendesha. Hili sio la kujadiliana nae wala kumpa soda, kuna kifaa kwenye gari kinarekodi. Kwahiyo ratiba ipangwe kwa kufuata dereva, na mkichelewa kuamka nyie, kitu cha mwisho kwenye ratiba ndo kinakatwa.

Mengine madogo, chaja zetu za pini tatu zinaingia vilevile, unga wa ugali bebeni ila nyama na maziwa vinakatazwa kuingia, na hela taslimu sikuhizi sehemu nyingi hawazitaki, kadi ndo kila kitu. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli kwa sababu ya upepo.

Hatua ya tano: njia yenyewe

Anzeni Westminster Abbey, lile kanisa kubwa la London, na msiweke Jumapili kama mnataka kutembea ndani, siku hiyo ni ya ibada tu. Kabla hamjaingia simameni nje mlango mkuu wa magharibi mwangalie juu. Kuna sanamu kumi za mashahidi wa karne ya 20, ziliwekwa 1998, wa tatu kutoka kushoto ni Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliyeuawa Februari 1977 wakati wa Amin. Hiyo haihitaji tiketi.

Ndani, katikati ya kanisa, mnakanyaga kaburi la mmisionari David Livingstone. Someni jiwe taratibu. Linasema ameletwa na mikono ya uaminifu kupita nchi kavu na bahari. Mikono ya nani? Jiwe haliwataji. Basi nyie watajeni, kwa sauti ya chini lakini watajeni: Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright, Halima aliyekuwa mpishi, na wenzao wengine wengi, waliouchukua mwili kutoka kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, wakauzika moyo wake kulekule chini ya mti, wakatembea miezi kama tisa mpaka Bagamoyo. Wainwright alisafiri na jeneza mpaka hapo mlipo na alikuwa mmoja wa walioshika jeneza siku ya maziko tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifika huku mazishi yameshapita. Mi kila nikifika hapo na kikundi kutoka Bagamoyo au Unguja watu wanalia, na ni sawa, msiwaharakishe.

Siku ya pili Canterbury. Watu wanakimbilia kanisa kuu, na kweli ni kubwa, pale alipouawa Askofu Mkuu Thomas Becket tarehe 29 Desemba 1170, kuna mshumaa unawaka mahali lilipokuwa kaburi lake mpaka Mfalme Henry wa nane alipolivunja 1538. Lakini nawaomba muanzie Mtakatifu Martin, kakanisa kadogo kalikokaa pembeni ya mji, ndani ya kuta zake kuna matofali ya Warumi, na hapo Malkia Bertha alikuwa akisali kabla mumewe Mfalme Ethelbert hajaamini. Ni kanisa la zamani kuliko yote Uingereza ambalo bado lina ibada. Mwaka 597 Augustine alipofika katumwa kutoka Roma, akaanzia hapo. Kwahiyo Waingereza nao waliletewa injili na wageni waliovuka maji, sawasawa na sisi. Halifunguliwi kila siku, andikeni mapema, na ombeni ruhusa ya kuimba ubeti mmoja wa tenzi kwa Kiswahili, mi sijawahi kukataliwa.

Kutoka hapo tembeeni kidogo mpaka magofu ya abasia ya Augustine. Hapo ndo kuna mtu ambaye sisi hatufundishwi. Anaitwa Hadriani, alikuwa Mwafrika wa kaskazini, alifika Canterbury kama mwaka 670 akawa mkuu wa nyumba hiyo ya watawa, akafundisha Maandiko, Kigiriki na Kilatini kwa karibu miaka arobaini mpaka wanafunzi wakawa wanatoka mbali kumfuata. Mwafrika anawafundisha Waingereza Biblia, miaka zaidi ya elfu moja kabla mmisionari Krapf hajashuka Mombasa 1844! Waambieni vijana wenu wasimame hapo kwenye nyasi na wasikie hilo.

Jioni msikose ibada ya nyimbo kwenye kanisa kuu, hailipiwi. Kaeni kimya, kwaya ndo inaimba, hakuna makofi wala vigelegele, na simu zimezimwa. Baadhi ya watu wetu wanaona baridi, nawaambia subirini zaburi zianze.

Mkiwa London mkapite pia maktaba ya taifa, British Library, karibu na stesheni ya King's Cross, ukumbi wa hazina zao ni bure. Angalieni kwanza kilichowekwa siku hizo, lakini humo ndo inakotunzwa Injili ya Lindisfarne ya miaka ya 700 hivi na nakala ya Agano Jipya la Tyndale la 1526, yule aliyeuawa kwa sababu ya kutafsiri Biblia kwa Kiingereza. Sisi tuliosoma Biblia kwa lugha yetu tangu utoto tupite hapo kwa heshima.

Oxford ni nusu siku. Mtaa wa Broad Street kuna msalaba wa mawe uliopachikwa chini katikati ya barabara, hapo walichomwa maaskofu wa Kiprotestanti Latimer na Ridley Oktoba 1555 na Askofu Mkuu Cranmer Machi 1556, ambaye aliuingiza motoni kwanza mkono uliosaini kukana imani yake. Angalieni magari.

Olney sasa, na hapa msiruhusu mwongozaji awasimulie nusu. John Newton amezikwa nyuma ya kanisa, alikuwa mchungaji hapo kuanzia 1764, ndo aliyeandika ule wimbo wa neema ya ajabu unaoimbwa kila msiba. Lakini alikuwa nahodha wa meli za watumwa, na aliacha bahari 1754 ila alichukua zaidi ya miaka thelathini mpaka 1788 ndo akaandika waziwazi kulaani biashara ile. Semeni yote mawili. Sisi ambao soko la Zanzibar lilifungwa juzi tu 1873 tuna haki ya kusema yote mawili, na neema haipungui kwa kusema ukweli. Bedford iko jirani, kuna makumbusho ya John Bunyan aliyefungwa miaka 12 kwa kuhubiri bila ruhusa. Haya makumbusho madogo yanafungwa siku fulani za wiki, ulizieni, nisingependa mkute komeo.

Mkielekea kaskazini mnapita Epworth, nyumba alikokulia John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti. Akiwa na miaka mitano, 1709, nyumba iliungua akatolewa dirishani. Mwaka 1742 akanyimwa kuhubiri kanisani, basi akasimama juu ya kaburi la baba yake nje akahubiri, na hilo kaburi mtaliona. Wamethodisti wa Ribe na Meru hapa ni kwao, wapeni muda.

York laleni usiku mmoja. Kanisa kuu lao ndo alikokuwa Askofu Mkuu John Sentamu, mwanasheria aliyekimbia Uganda ya Amin, aliongoza hapo kuanzia 2005, na 2006 alipiga hema ndani ya kanisa akafunga na kuomba wiki nzima kwa ajili ya amani ya Mashariki ya Kati. Kumbukeni mmetoka kumwona Luwum mlangoni London.

Durham kwangu mimi ndo kanisa zuri kuliko yote, lilianza kujengwa 1093. Nyuma ya madhabahu amelala Mtakatifu Cuthbert, aliyekuwa askofu wa Lindisfarne, jiwe tupu lenye jina. Watawa wake walikimbia Lindisfarne mwaka 875 kwa kuogopa Waviking, wakalibeba jeneza lake miaka na miaka, kizazi kikapokea kutoka kizazi, mpaka 995 wakafika Durham. Mwambieni mchungaji wenu awakumbushe Chuma na Susi hapo hapo, maana ni tendo lilelile. Na upande wa pili wa kanisa kuna kaburi la Beda, mtawa aliyeandika historia ya kanisa la Uingereza akaimaliza 731. Huyo ndo aliyetuandikia kwamba Hadriani alikuwa Mwafrika. Bila yeye tusingejua.

Hatua ya sita: Lindisfarne na maji

Hii naipa hatua yake kwa sababu inaweza kuua. Mtawa Aidan alikuja hapa 635 kutoka Iona, mtu aliyehubiri kwa miguu, mfalme akampa farasi akampa maskini. Kisiwa kinaungana na bara kwa barabara inayopita juu ya mchanga, na maji yakijaa barabara inazama kabisa mara mbili kila siku. Watu wa Pwani mnaelewa haraka, kujaa na kupwa, na bamvua ndo hatari zaidi. Kila mwaka kuna magari yanakwama, dereva anaishia kwenye kibanda cha juu ya nguzo anasubiri kuokolewa.

Fanyeni hivi. Kabla hata hamjaweka nafasi ya hoteli, fungueni jedwali la masaa salama ya kuvuka linalotolewa na halmashauri ya Northumberland, chagueni siku ambayo njia iko wazi kuanzia asubuhi mpaka mchana, alafu siku hiyo ndo iamue tarehe nyingine zote za safari. Ndio, safari nzima ipangwe kurudi nyuma kutoka hapo. Mwekeeni dereva saa moja ya akiba kabla ya muda wa mwisho.

Na saa! Jedwali linasema 15:00, kiongozi anatangaza "mpaka saa tisa basi linaondoka", vijana waliokulia Ulaya wanaelewa saa tisa ya kizungu, wazee wanaelewa ya kwetu, nilishawahi kukosa watu wanne, wamebaki kwenye magofu ya kisiwani maji yanakuja, tukawapata wamekaa wanakunywa chai. Sahivi naandika kwenye karatasi kwa namna zote mbili na kila mtu anaishika mkononi kabla hajashuka. Wenye nguvu wanaweza kutembea kwa miguu ile njia ya zamani ya mahujaji yenye nguzo kwenye mchanga, lakini maji yakiwa bado yanapungua tu, na sio peke yao.

Hatua ya saba: Uskoti na kurudi

Edinburgh tembeeni mtaa wa juu, kanisa la Mtakatifu Giles alikohubiri John Knox, na ukumbi wa The Mound ulikofanyika mkutano mkuu wa wamisionari wa dunia mwaka 1910. Wapresbiteri wa Kenya, misheni yenu ya Thogoto ilitokea nchi hii.

Siku ya mwisho Blantyre, kama saa moja na kidogo kwa basi. Ni chumba kimoja kwenye jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, familia nzima iliishi humo, Livingstone alizaliwa humo 1813 na akaanza kazi kiwandani ana miaka kumi. Mmeanza na kaburi lake London mnamalizia na chumba alichozaliwa. Na maonyesho yao ya sahivi yanawataja Chuma na Susi. Tengeni masaa mawili, msiweke kitu kingine mchana huo zaidi ya uwanja wa ndege, na mizigo ipimwe hotelini asubuhi kabla hamjatoka, sio kaunta.